Kabla ya kujaza boksi la likizo, hesabuni vilivyopo nyumbani

Desemba ikikaribia, vyumba vyetu hapa Rusayl vinajaa. Chini ya kitanda sanduku, juu ya kabati boksi la kago, na kila Ijumaa kinaongezeka kitu. Kule nyumbani nako kabati la watoto limejaa vya mwaka jana. Tunanunua bila kujua kilichopo, kisha Januari tunakopa pesa ya shule. Ndugu zetu, dawa yake ni kupanga nyumba kwanza, na watoto wenyewe ndio waifanye kazi hiyo.

Anzeni wiki tatu hivi kabla ya kununua chochote:

1. Mwombe bibi au shangazi anayewalea awasimamie. Siku moja nguo, siku nyingine viatu na madaftari. Nyumba nzima kwa siku moja watachoka, watarundika tu.

2. Wagawe mafungu matatu: vinavyotumika, vinavyomfaa mdogo wake au mtoto wa jirani, na vilivyokwisha kabisa. Vya kwake mtoto aamue mwenyewe. Kama gauni halimtoshi tena lakini hataki kuliachia kwa sababu ulilituma wewe, mwacheni nalo. Kwa mtoto ambaye hajakuona miaka miwili, hilo si kikorokoro.

3. Anayejua kuandika aandike orodha: kilichopo na kinachokosekana. Wapige picha, wakutumie WhatsApp.

4. Vipimo visikosekane. Mtoto akanyage karatasi, achorwe unyayo, rula iwekwe pembeni, ndipo picha ipigwe. Kukisia namba ya kiatu kwa umri ni kutupa pesa.

Na wewe huku, fungua sanduku lako ufanye vilevile. Nguo ulizopewa na mama wa nyumba, chagua zile zenye mtu wa kuzivaa. Nyingine mpe mwenzako wa chumbani. Mizigo inapimwa kwa kilo, na kilo ni pesa. Halafu usifungie vitu kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea: Kenya imeipiga marufuku tangu 28 Agosti 2017, Tanzania bara tangu 1 Juni 2019. Tumia mfuko wa kitambaa, au funga kwa khanga.

Sasa hesabu. Tuseme ulipanga kununua viatu jozi mbili kwa riali 8, begi riali 5, mashuka riali 6 na vichezeo riali 3. Jumla riali 22. Orodha imekuja: begi zima lipo, mashuka yapo, vichezeo vimejaa kapu. Kinachohitajika ni viatu tu. Zimebaki riali 14. Riali imefungwa kwa dola, na tangu 1986 riali moja ni kama dola 2.60, kwa hiyo hapo una zaidi ya dola 36.

Hizo usiziache mfukoni, zitaliwa. Zitenge siku hiyohiyo, uzitume kwa jina la shule. Tanzania ada ya shule za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne tangu 2016, lakini sare na madaftari bado mzazi ananunua, na shule zinafunguliwa Januari. Mwambie mtoto pia: begi alilolitunza ndilo lililomnunulia madaftari. Mwaka ujao orodha ataianza mwenyewe.