Kura Moja ya Wafanyakazi na Karatasi za Kuingilia Geneva

Katiba ya Shirika la Kazi Duniani yampa kila mwanachama wajumbe wanne katika Mkutano Mkuu ambao, kwa desturi, hufanyika Geneva mwezi wa Juni. Wawili ni wa serikali, mmoja ni wa waajiri, na mmoja ni wa wafanyakazi. Washauri waweza kufuatana nao, lakini kura ya wafanyakazi wa nchi nzima ni moja tu. Haki hiyo tumekuwa nayo tangu Tanganyika ilipojiunga na Shirika mwaka 1962. Twawaomba basi wasomaji wetu wafikiri kidogo. Kura hiyo, iliyobeba jasho la kuli wa bandarini, la mkata mkonge wa Tanga na la mtumishi wa nyumbani, yaweza kukosekana ukumbini si kwa hila ya waajiri, bali kwa kuwa pasipoti ya mjumbe imebakiwa na ukurasa mmoja mweupe.

Wako watakaosema kwamba twakuza jambo dogo. La hasha. Mwaka 2011 Mkutano huo ulipitisha Mkataba Na. 189 kuhusu kazi za staha kwa watumishi wa nyumbani, kwa kura 396 dhidi ya 16, na 63 hawakuwa upande wowote. Mkataba haupiti bila theluthi mbili ya kura. Kila kura iliyohesabiwa siku ile ilipigwa na mtu aliyekwisha kuonyesha karatasi zake mlangoni na kuruhusiwa kupita.

Sasa mlango wenyewe ni upi? Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini tangu Desemba 2008 yafuata mapatano ya Schengen, yaliyoitwa kwa jina la kijiji cha Luxembourg yalikotiwa sahihi mwaka 1985. Leo nchi 29 zimo katika mapatano hayo, na viza moja ya siku chache yatosha kwa zote. Sharti lake la kwanza ni pasipoti. Iwe imetolewa katika miaka kumi iliyopita, iwe na uhai wa miezi mitatu zaidi baada ya siku ya kuondoka huko, na iwe na kurasa mbili nyeupe kwa uchache. Kitabu hiki cha pasipoti tunachokijua kilipangiwa umbo lake katika mkutano wa Ushirika wa Mataifa uliofanyika Paris, Oktoba 1920, uliosema kiwe na kurasa 32. Tangu hapo wanadamu wamekuwa wakihesabiwa kurasa.

Lakini kinachowakwamisha watu wetu zaidi ya kurasa ni majina. Mtu aitwa Ally katika cheti cha kuzaliwa, Ali katika kitambulisho cha taifa, na katika barua ya chama chake karani ameandika Aly. Mama mmoja hutumia jina la baba kazini na jina la mume benki. Sisi wenyewe kwa wenyewe twaelewana, kwani twajua kwamba Mohamed na Muhammad wa mtaa ule ni mtu yule yule. Karani wa ubalozi hamjui, wala hana wajibu wa kumjua. Yeye husoma herufi. Kwa hiyo barua ya uteuzi, tiketi ya ndege, bima, na barua ya mwajiri inayothibitisha kazi na likizo, zote zifuate pasipoti herufi kwa herufi, hata kama pasipoti yenyewe iliandikwa kwa namna isiyompendeza mwenyewe.

Bima ya matibabu nayo si pambo. Sheria yadai ilipe angalau euro 30,000, na iwe na nguvu katika nchi zote za Schengen kwa siku zote za safari, pamoja na gharama za kumrudisha mgonjwa au maiti nyumbani. Ada ya kawaida ya viza ilipandishwa Juni 2024 kutoka euro 80 hadi 90, nayo hairudishwi ombi likikataliwa. Mjumbe aulize kwanza ubalozini kama ujumbe wake umesamehewa ada. Twakumbusha pia kwamba Katiba ya Shirika yaitwika kila nchi gharama za safari na malazi ya wajumbe wake. Si haki mjumbe wa wafanyakazi aachwe akikopa huku na huku.

Hatusemi kwamba sheria hizi ni nyepesi, wala kwamba zawaangukia watu wote sawasawa. Mgeni wa kutoka Marekani huingia Geneva bila viza, na wetu hupanga foleni akiwa na taarifa za benki mkononi. Hata hivyo katika sheria hiyo hiyo imo haki ambayo wengi hawaitumii: anayekataliwa lazima apewe sababu kwa maandishi, naye ana haki ya kukata rufaa. Anayekunja karatasi ile na kwenda zake kimya ameacha haki yake mezani. Lakini aliyepeleka barua ya kughushi, aliyonunua kwa madalali wa barabarani, huyo hatuna la kumtetea.

Njiani pia kuna mitego. Viza haimlazimishi afisa wa mpakani kumpitisha mtu. Aweza kudai barua ya mwaliko, bima na tiketi ya kurudia. Mjumbe apitiaye Amsterdam hukaguliwa Amsterdam, wala si Geneva, na wakati huo sanduku lake kubwa li tumboni mwa ndege. Karatasi ziwe katika mkoba wa mkononi. Anayetaka kupitia London kuamkia jamaa ajue kwamba Uingereza yataka viza yake yenyewe, na kwamba akitoka Geneva kwenda huko kwa viza ya kuingia mara moja, mlango wa kurudi mkutanini umefungwa. Na akikaa Nairobi au Addis Ababa siku kadhaa wakati wa kurejea, aweza kudaiwa hapa nyumbani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti hicho huanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote.

Limebaki suala la kalenda, na hapo twazungumza na makatibu wa vyama. Ombi la viza laruhusiwa kupelekwa miezi sita kabla ya safari, na lisichelewe kupita siku kumi na tano. Jawabu hutolewa katika siku kumi na tano, lakini sheria yaruhusu zifike arobaini na tano. Mwombaji ambaye alama zake za vidole hazijapata kuchukuliwa sharti aende mwenyewe. Kwa mkutano wa Juni, hesabu hiyo yaturudisha nyuma hadi mwezi wa Aprili, wakati karatasi zote ziwe zimekamilika. Na kwa kuwa jina la mjumbe hupelekwa na serikali baada ya kukubaliana na vyama vya wafanyakazi, mazungumzo hayo yafaa yawe yamekwisha mwezi wa Februari, na pasipoti ya kila anayetajwa iwe imefunguliwa na kuhesabiwa kurasa mwezi wa Januari.