Kuibua Alama za Vidole: Kemia na Maneno Yake Katika Pwani ya Mtwara

Kidole kigusapo karatasi huacha jasho lenye chumvi na asidi za amino, na mara nyingi mafuta yaliyotoka usoni. Maji hukauka, hivyo vingine hubaki, ila jicho halivioni. Alama ya namna hii yafaa kuitwa alama fiche. Kuiita "alama iliyofichwa" kwapotosha, maana kauli ya kutendwa hudokeza kwamba yuko aliyeificha, na hapa hayupo.

Dawa ya zamani ni nitrati ya fedha. Ikikutana na chumvi ya jasho hufanyika kloridi ya fedha, ambayo mwangaza huigeuza nyeusi. Lakini kuanzia Mtwara na Msimbati hata mlango wa Ruvuma, dawa hii ina udhaifu. Hati iliyorushiwa maji ya bahari chomboni imejaa chumvi, nayo yaweza kugeuka nyeusi yote. Hata isiporushiwa, unyevu wa hewa huitawanya chumvi ya jasho ndani ya karatasi, na mistari ya kidole ikapotea.

Mwaka 1954 Odén na von Hofsten wa Sweden walieleza matumizi ya ninihidrini, ambayo hukutana na asidi za amino ikatoa rangi ya zambarau. Asidi hizo hushikamana na nyuzi za karatasi. Kwa hiyo alama ya miaka mingi yaweza kuonekana, maadamu karatasi haikulowa. Ikiwa imelowa, hutumiwa dawa nyingine inayotuza chembe za fedha juu ya mafuta, kwa kuwa mafuta hayayeyuki majini.

Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania, na hapo uteuzi wa kitenzi una uzito. Shahidi akisema "alitengeneza" alama, mshtakiwa aweza kusikia kwamba imebuniwa. Akisema "aliiibua", husikika kwamba ilikuwapo tangu awali, kama kitu kilichozama ambacho mzamiaji amekileta juu.

Hata hivyo, kitenzi hicho kisipewe maana kuliko kadiri yake. Alama iliyoibuliwa, ikiisha kulinganishwa, yaweza kuonyesha ni nani aliyeigusa karatasi. Peke yake haisemi aliigusa lini, wala kwa nia gani.