Ringi inang'aa, spoku zinalia: Chagua spea kwa akili kabla fundi hajasuka

MJINI tunapenda vitu vinavyong'aa. Kijana akiingia dukani kutafuta ringi ya baiskeli, cha kwanza anachokagua ni kama anaweza kujiona sura, utadhani kaja kununua kioo cha kunyolea. Akishajiona, anatoa mshiko, anabeba mzigo hadi kijiweni kwa fundi: "Bro, nisukie fasta, nina haraka." Baada ya wiki mbili spoku moja inalia 'ting!' na kukatika. Kesho yake mbili. Keshokutwa gurudumu linatembea kama mlevi aliyetoka kilabuni, linapiga breki ya kushoto, linapiga ya kulia. Hapo fundi anaitwa msanii na majina mengine ambayo mhariri hawezi kuyachapa.

Wazee walishasema, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Mara nyingi kosa halianzii kwa fundi, linaanzia dukani.

Kwa anayeendesha Jumapili kwenda kupunga upepo, hayo ni mambo ya kuchekesha. Lakini yuko kijana anayepakia mikate saa kumi na moja alfajiri, yuko wa mkaa, yuko wa madumu ya maji. Kwa hao gurudumu la nyuma ndiyo ofisi. Likigoma, nyumbani sufuria halipandi jikoni. Na likijikunja katikati ya barabara huku daladala iko nyuma inakimbilia abiria, kinachopotea si mikate tu. Kwa hiyo msomaji wangu, kaa vizuri tupange spea moja baada ya nyingine.

SPOKU HAZISIMAMI, ZINAVUTA

Watu wengi hudhani spoku ni vijiti vinavyobeba mzigo kama miguu ya meza. Si hivyo. Spoku ni waya mwembamba, ukiusukuma unapinda. Kazi yake ni kuvuta. Zote zinavuta ringi kuelekea katikati kwa nguvu zinazolingana, na ringi inabaki imekazwa kila upande kama ngozi ya ngoma. Mwingereza James Starley alipata hati ya ubunifu wake mwaka 1874 kwa kuzisuka spoku zikiwa zimelala upande na kupishana, badala ya kunyooka moja kwa moja kutoka katikati. Mpaka leo, baiskeli nyingi duniani zinatumia ujanja huo huo.

Ukikaa kwenye baiskeli, spoku zilizo chini kabisa zinalegea kidogo, kisha zikipanda juu zinakaza tena. Kila mzunguko ni kulegea na kukaza. Spoku iliyokazwa vizuri inavumilia mchezo huo miaka. Iliyolegea tangu mwanzo inachezacheza, chuma kinachoka, inakatika pale kwenye kona yake karibu na habu. Ndiyo maana spoku hukatika hata siku ambayo hukupakia kitu chochote. Ilianza kufa zamani, wewe umeshuhudia mazishi tu.

RINGI: 26 SI 26

Hapa ndipo wengi wanaliwa. Unakwenda dukani unasema, "Nipe ringi ya 26." Muuzaji anakupa. Unafika nyumbani, tairi halivai, au linavaa na kuchomoka ukijaza upepo. Sababu ni kwamba ziko 26 za aina tofauti. Ya mauntenibaiki ina kipenyo cha milimita 559 pale tairi linapokalia. Ile ya baiskeli za Kijapani za kwendea sokoni, zenye kikapu mbele, ambazo zimejaa kwenye mtumba, mara nyingi imeandikwa 26 x 1 3/8, na kipenyo chake ni milimita 590. Hazibadilishani hata ukisoma dua.

Na 28 ni hivyo hivyo. Ile ndefu ya kizee, yenye breki za vyuma badala ya waya, ni 635. Ile ya kisasa kutoka Ulaya, ambayo wengine huiita 700C, ni 622. Dawa ni rahisi. Tazama ubavuni mwa tairi lako utakuta namba kama 47-559. Ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ndiyo kipenyo. Andika hiyo ya pili kwenye karatasi uende nayo dukani. Muuzaji akikwambia "zote sawa tu", msalimie kwa heshima uende duka la pili.

Halafu hesabu matundu. Baiskeli za kizee za muundo wa Kiingereza zilizoea kuwa na matundu 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kwenye uzito. Mauntenibaiki nyingi ni 36 au 32. Matundu ya ringi lazima yalingane na ya habu. Kama unabeba mizigo, usikubali kushuka chini ya 36 nyuma, hata ukipewa bei ya kutupa.

Chuma au alumini? Ringi ya chuma ina bei nafuu na inavumilia vishindo, lakini ni nzito, na ikilowa mvua breki za mpira zinateleza juu yake. Unabana, baiskeli inaendelea na safari zake. Alumini inakamata breki vizuri zaidi kwenye maji na haishiki kutu nyekundu. Sasa, ziko ringi za chuma zilizopakwa rangi zikafanana na alumini. Nenda na kipande cha sumaku, hata cha spika mbovu. Ikinasa, hiyo ni chuma.

Ukipata alumini, chungulia ndani. Ringi yenye kuta mbili, yaani sakafu mbili zilizoachana, ina nguvu kuliko ya ukuta mmoja. Kisha ilaze juu ya kaunta ya kioo. Ikipepesuka kama meza mbovu, imepinda kabla hata haijaanza kazi. Pitisha kidole kwenye maungio. Kidole kikigonga ngazi, breki nayo itaigonga kila mzunguko. Na kama ni ya mtumba, angalia pale breki zinaposuguana: pakishakuwa na bonde, ukuta umeliwa, na siku moja utapasuka na tyubu yake.

HABU: ISIKILIZE KWA VIDOLE

Habu ni kile kitovu cha katikati chenye ekseli na gololi. Habu nzuri ya zamani usiitupe. Shika ekseli kwa vidole viwili uizungushe taratibu. Ikienda laini, hiyo mali. Ukisikia michanga, fungua uangalie. Kama gololi tu ndizo zimechoka, nunua mpya. Kwa kawaida mbele ni ndogo, za 3/16 ya inchi, na nyuma ni robo inchi, 9 kila upande. Lakini ukiona vikombe vyenyewe vimechimbika mashimo, gololi mpya zitakuwa sawa na kumvalisha suti mgonjwa.

Kagua pia matundu ya spoku kwenye habu. Yakiwa yameliwa na kurefuka, spoku mpya zitachezea humo na kukatika mapema. Na usisahau kupima nafasi ya fremu yako. Habu ya gia nyingi ni pana, na kuilazimisha kwenye fremu nyembamba ni kuitafutia fremu ufa.

SPOKU NA NATI ZAKE: HAPA USIBANE MKONO

Spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2. Kwa sisi wa pwani, wenye upepo wa chumvi, chukua zisizoshika kutu kama mfuko unaruhusu. Nati zake chukua za shaba badala ya alumini. Za alumini ni nyepesi, lakini chumvi inazila na siku ya kuzikaza zinavunjikia mkononi.

Urefu ndio mtihani. Kama unarudisha ringi na habu za aina ileile, chukua spoku ya zamani kama sampuli, pima kutoka ndani ya kona hadi ncha yenye nyuzi. Ukibadilisha aina ya ringi, kipimo hicho kimekufa, maana ringi zina vina tofauti. Mwachie fundi apime upya. Spoku ikiwa fupi inashika nyuzi chache na kuchomoka. Ikiwa ndefu inatokeza na kutoboa tyubu.

Gurudumu la nyuma lenye gia lina siri nyingine. Upande wa friwili spoku zimesimama wima zaidi, zinakazwa sana, na kwa kawaida ni fupi kidogo kuliko za kushoto. Fundi akikuuliza, "Za urefu mmoja au miwili?" jua umepata fundi. Asiyeuliza, muulize wewe.

KUSUKA NAKO KUNA MIIKO

Kwa matundu 36, mtindo unaoaminika ni kila spoku kupishana na tatu za upande wake, na kwenye pishano la mwisho inapita nyuma ya mwenzake. Fundi mzuri huweka tone la mafuta kwenye nyuzi, halafu anakaza zote kidogo kidogo, robo mzunguko kila mara, badala ya kumkaba mmoja mpaka macho yamtoke. Anazigonga kwa ukucha na kusikiliza: za upande mmoja zinapaswa kutoa mlio unaokaribiana, kama nyuzi za gitaa lililotyuniwa. Kisha anazikamata mbilimbili na kuzibana kwa nguvu za mkono ili zikae sawasawa kwenye viti vyake, anarudia kunyoosha. Mwisho anavalisha utepe au ukanda wa tyubu kuukuu kuficha vichwa vya nati. Kazi hiyo haifanyiki wakati wewe unamaliza soda moja. Mpe muda wake na umlipe jasho lake.

Ringi iliyopinda vibaya usimwambie fundi ainyooshe kwa spoku. Itanyooka machoni, lakini baadhi ya spoku zitakuwa zimekazwa kupita kiasi na nyingine zimelala usingizi. Ukishaelewa tulikoanzia, unajua mwisho wake.

Na kama pesa ni kidogo? Anza na spoku mpya zote, kwa sababu kuchanganya mpya na zilizochoka ni kununua ugomvi. Fedha inayobaki weka kwenye ringi. Habu ya zamani ipe grisi mpya iendelee na kazi. Mng'ao uwe wa mwisho kwenye orodha.

Baada ya kama wiki moja ya kuendesha, rudi kijiweni fundi azisikilize tena, maana spoku mpya hutulia na kulegea kidogo. Ni kazi ya dakika chache tu. Ukiipuuza, usije ukashangaa gurudumu likikulaza barabarani na mikate ya watu.