Baiskeli mlimani: Kupanda kunachosha, hatari ipo kwenye kushuka

Wiki hii safu yetu inapanda mlima kwa baiskeli.

Huko Moroko, kati ya miji ya Marrakech na Ouarzazate, ipo barabara ya lami inayokatiza milima ya Atlas, kiasi cha kilomita 200. Sehemu yake ya juu kabisa inaitwa Tizi n'Tichka, mita 2,260 kutoka usawa wa bahari. "Tizi" kwa lugha ya Waberiberi ni pito la mlimani. Barabara hiyo ilijengwa na Wafaransa katika miaka ya 1930, na waendesha baiskeli wa masafa marefu wanaipenda sana.

Wana sababu. Upande wa Marrakech kuna mabonde ya kijani na vijiji vya udongo vilivyoshikamana na mlima. Ukivuka kileleni, nchi inabadilika kuwa kavu na nyekundu hadi Aït Ben Haddou, kijiji cha ngome za udongo kilichoingizwa mwaka 1987 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lakini mwili unaopita katika uzuri huo unafanyishwa kazi kubwa.

Wakati wa kupanda

Kutoka Marrakech hadi kileleni mwendeshaji anapanda takriban mita 1,800. Moyo unakwenda mbio na misuli ya mapaja inachoma sukari kwa saa nyingi. Kipimo chepesi ni ulimi: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, mwendo wako ni salama. Ukishindwa, punguza gia. Kule juu kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu robo kuliko pwani, hivyo kuhema zaidi ni kawaida. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuona giza si kawaida. Shuka kwenye baiskeli, kaa, na utafute msaada.

Jasho linatoka na chumvi. Anayekunywa maji matupu kupita kiasi kwa saa nyingi anaweza kupunguza mno chumvi ya damu, akachanganyikiwa kama mlevi. Kunywa kwa kadiri ya kiu na ule chakula chenye chumvi kidogo. Kwa nguvu ya haraka, tende zinatosha, na aina maarufu ya Majhul asili yake ni huko huko Moroko.

Maji safi na maji tohara

Hapa wengi huchanganya mambo. Maji ya kijito yanayotiririka ni tohara, unaweza kuyatilia udhu. Lakini tohara ya kifiqhi haimaanishi kwamba maji hayana vijidudu vya kuhara. Juu ya kijito huenda wamepita mbuzi na kondoo. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Na kama maji yaliyobaki yanatosha kiu tu, sheria imekuruhusu kutayamamu. Usijitie hatarini kwa jambo ambalo dini imelifanyia wepesi.

Usafi wa siti nao usisahaulike. Msuguano na jasho huleta vidonda mapajani na makalioni. Mara ufikapo, vua nguo zilizolowa, oga kwa sabuni, jikaushe vizuri. Kaptura ya jana isivaliwe leo bila kufuliwa.

Wakati wa kushuka

Wengi hufika kileleni wakashusha pumzi wakidhani kazi imekwisha. Kumbe hatari ndiyo inaanza.

Kwanza ni baridi. Kwa kawaida joto hupungua kiasi cha nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Shati limelowa, miguu haifanyi kazi tena, na upepo unapiga kifua. Vidole vikifa ganzi haviwezi kubana breki. Vaa koti na glavu kabla ya kuanza kushuka. Waendeshaji wa zamani walikuwa wakiweka gazeti kifuani ndani ya shati, na linazuia upepo kweli. Ila liwe gazeti lisilo na aya tukufu!

Pili ni kasi. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kugonga inazidi mara nne. Ukibana breki mfululizo, rimu hupata moto na tyubu inaweza kupasuka. Bana, achia, bana tena, na upunguze mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Kofia ngumu ifungwe kidevuni. Ikining'inia kwenye usukani haimlindi mtu.

Kwa familia zetu

Si lazima uende Atlas. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na baiskeli ya kwenda kazini au sokoni inahesabika. Ni msaada mkubwa kwa presha na kisukari. Lakini mwenye presha ya juu, ugonjwa wa moyo au pumu amuone tabibu kabla ya kuanza milima. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asitoke bila kitu kitamu mfukoni: akitetemeka na kutoka jasho la baridi, asimame ale papo hapo.

Na baba unayempakia mtoto nyuma, kagua breki leo kabla hujakutana na mteremko. Mwili ni amana.

Wabillahi tawfiq.