Peke Yake Njiani: Taabu na Faraja za Mpanda Baiskeli wa Masafa Marefu

Mji wa Bukama, ulioko kusini-mashariki ya Kamina katika jimbo la Haut-Lomami, umekaa mahali ambapo mto Lualaba huanza kupitika kwa vyombo vikubwa. Na kwa sababu hiyo, reli iliyotoka Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilipofika hapo mwaka 1918, watawala wa Kibelgiji waliufanya kuwa mlango wa nchi ya ndani, kwa kuwa abiria aliyeshuka katika gari la moshi aliweza kupanda meli ya mtoni na kusafiri kiasi cha kilomita 640 hata Kongolo pasipo kukanyaga nchi kavu. Mwaka 1928 reli ikamalizika hadi Ilebo, kwenye mto Kasai. Mtu aitazamaye ramani akiwa mbali, basi, atadhani kwamba mkazi wa Bukama hana haja ya kitu kingine cha kumchukua zaidi ya reli na mto. Lakini gari la moshi limekuwa mgeni wa nadra, barabara zimeliwa na mvua za miaka mingi, na chombo kilichobaki mikononi mwa raia, ambacho hakingoji ratiba wala mafuta, ni baiskeli, au kinga, kama waitavyo watu wa Katanga.

Makala haya yanahusu safari ndefu za baiskeli zifanywazo na mtu mmoja peke yake, mashaka yake na ujira wake. Nami nimechagua kuanza Bukama, wala si Ulaya ambako safari hizo zimeandikiwa vitabu vingi, kwa sababu naamini kwamba hapana mahali panapofundisha jambo hili kwa ukamilifu kama njia za mchanga zitokazo katika maziwa ya Upemba na Kisale kwenda kwenye stesheni na masoko.

Watazame wachuuzi wa njia hizo. Katika zama za misafara ya pembe na shaba, mpagazi alichukua begani takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na mzigo huo ulihesabiwa kuwa haki ya mtu mzima mwenye afya. Msukuma baiskeli wa leo hupakia kilo 100, au 150, na wako wapakiao zaidi ya 200: samaki wakavu waliofungwa katika matenga, madumu ya mawese, magunia ya mahindi na mihogo, na arudipo huchukua chumvi, sabuni na mitumba. Kwa mzigo kama huo hapana kupanda. Fimbo ndefu hufungwa kwenye usukani ikatokeza upande mmoja, na gongo la pili husimamishwa nyuma ya kiti. Kwa fimbo huongoza, kwa gongo husukuma, naye mwenyewe hutembea kando ya chombo chake siku nzima, mwili umeinama, macho yakiupima mchanga ulio mbele. Kwenye mteremko kazi hugeuka: mtu aliyekuwa akisukuma sasa huvuta kwa nguvu zake zote ili mzigo usimkimbie na kumponda. Usiku humkuta katika kijiji chochote kile, akapika bukari yake, yaani ugali, akalala kando ya mali yake, na alfajiri akaanza tena.

Kwa upande wa pili wako wasafiri wa hiari. Mmarekani Thomas Stevens, aliyeizunguka dunia kwa baiskeli kati ya mwaka 1884 na 1887, akiwa juu ya lile gurudumu kubwa la zamani, ndiye ahesabiwaye kuwa wa kwanza wao. Na msomaji wa pwani atapendezwa kujua kwamba mtu huyo huyo alitumwa na gazeti lake mwaka 1889 kuja Afrika Mashariki kutafuta habari za mpelelezi Stanley. Lakini ambaye habari zake zinatuhusu zaidi sisi tulio katika bonde la Kongo ni Kazimierz Nowak, Mpolandi aliyezaliwa mwaka 1897. Kazi zilipokuwa haba nchini kwao, na nyumbani ana mke na watoto wawili, aliondoka mwishoni mwa mwaka 1931 na baiskeli iliyokwisha tumika, akashuka Tripoli, akafuata Misri na Naili, akapita Sudan, Uganda na Kongo ya Wabelgiji, akafika mwaka 1934 kwenye rasi ya Agulhas, ambako bara hili linakomea. Na badala ya kupanda meli akarejea kwao, aligeuza uso akalivuka bara tena kutoka kusini kwenda kaskazini, kupitia Angola, Kongo kwa mara ya pili, Chad na Sahara, hata akaingia Algiers mwezi wa Novemba 1936. Jumla ya mwendo wake ilikuwa kama kilomita 40,000. Njia ya kurudi hakuimaliza yote kwa baiskeli, kwa kuwa chombo kilimchakalia. Alipanda farasi, akapiga kasia katika mitumbwi, akafuatana na ngamia, na mahali pengi alikwenda kwa miguu. Riziki yake ilikuwa picha na makala alizozipeleka magazetini, na sehemu ya fedha hiyo aliituma kwa aila yake. Homa za miaka hiyo hazikumwacha: alifariki mwezi wa Oktoba 1937, akiwa na umri wa miaka 40, haujatimia hata mwaka mmoja tangu alipomaliza safari.

Natoa habari hiyo ya mauti kwa makusudi, maana aghalabu wasifiao safari hizi husahau gharama yake. Katika nchi ya Bukama jua la Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijakomaa, hukausha koo hata mtu akahisi kwamba lita kadhaa za maji alizokunywa hazikupita mwilini mwake. Na mvua zikishaanza, mpaka Aprili, njia ile ile iliyokuwa mchanga hugeuka tope linaloziba nafasi kati ya tairi na madigadi, gurudumu likagoma kuzunguka. Mchanga una taabu ya namna yake: tairi nyembamba huzama, na mpandaji hulazimika kupunguza upepo ili tairi litandazike, kisha akifika penye mawe aujaze tena, asije akaipasua tyubu. Mbu wa mabwawa ya Lualaba huleta malaria, na mbung'o humfuata mtu aendaye polepole kwa uaminifu unaochosha. Mtu aliyezoea lami, ambako kilomita 80 au 100 ni kazi ya siku ya kawaida, atashangaa kuona jua linakuchwa naye hajapata nusu yake.

Kisha lipo suala la chombo chenyewe, na hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa wageni wengi hukosea. Msafiri wa Ulaya huja na baiskeli nyepesi yenye gia nyingi na breki za mafuta, kitu kizuri kwa hakika, lakini likivunjika jino moja la gia hapana mtu wa kulitengeneza kutoka Kamina hata Malemba-Nkulu. Baiskeli ya mchuuzi, iwe ya Kichina au ya Kihindi, ni nzito, ina mwendo mmoja tu, magurudumu yake ni makubwa na breki zake ni za vyuma vinyoofu visivyo na waya. Na kila fundi akaaye chini ya mwembe na nyundo, spana na kopo la gundi anaijua kama ajuavyo vidole vyake. Uma ukipinda huunyoosha motoni, spoki zikikatika hupachika nyingine, na kabla ya baiskeli kuingia barabarani huiongezea vyuma kwenye fremu ili istahimili mzigo. Urahisi huo si unyonge. Ni elimu iliyokusanywa na watu ambao chombo kikiwafia porini wanapoteza mtaji wa mwaka mzima.

Na bado sijataja upweke. Mtu aendaye peke yake hana wa kumlindia mzigo anapochota maji, hana wa kumwambia, "Baba, tupumzike hapa," wala wa kumshika mkono homa ikimpanda usiku. Na vizuizi vya barabarani, ambako kila mwenye kamba na kiti huweza kudai tozo yake, humkuta akiwa mmoja mbele ya wengi. Mwaka 2023 kijana wa Guinea aitwaye Mamadou Safaiou Barry, mwenye umri wa miaka 25, alitoka kwao kwa baiskeli akikusudia kusoma dini katika chuo cha Al-Azhar, ilhali hana nauli ya ndege; akapita Mali, Burkina Faso, Togo, Benin na Niger, na njiani alitiwa kizuizini mara tatu kwa kushukiwa tu, kwa kuwa watu wa nchi zenye vita humwogopa mgeni asiyejulikana. Alipofika Chad, habari zake zilikuwa zimekwisha enea, wakajitokeza wahisani wakamlipia tikiti ya ndege hata Cairo, na chuo kikampa ufadhili kamili wa masomo.

Katika kisa hicho ndipo ninapoliona jambo ninalotaka kulisema. Tumezoea kumdhania mpanda baiskeli wa peke yake kuwa ni mtu aliyejitenga, asiyemhitaji mtu, aliyejitosheleza kwa mifuko yake na misuli yake. Lakini kwa kweli hapana msafiri anayewategemea watu kuliko yeye. Aliye ndani ya gari hupandisha kioo akapita. Mwenye baiskeli hana kioo, hana mlango, hana kasi ya kukimbia. Kila kijiji humwona kabla yeye hajakiona, watoto humsindikiza, wazee humwuliza atokako, na jua likitua hana budi kwenda kwa mkuu wa kijiji, avue kofia, aamkie kwa taadhima, aeleze nasaba ya safari yake na kuomba mahali pa kulala. Udhaifu wake ndio barua yake ya utambulisho. Penye amani watu hawamwogopi mtu ambaye wangeweza kumdhuru kama wangetaka. Na kwa kuwa hawamwogopi, humfungulia. Hupewa maji ya kuoga kwanza, kisha kibanda au kivuli, kisha sombe, yaani kisamvu, na samaki, na mama wa nyumba humwita mwanangu ijapokuwa hakumjua asubuhi.

Mwandishi wa Ireland Dervla Murphy, aliyefariki mwaka 2022, alilifahamu jambo hili vizuri. Mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 60, alipanda baiskeli kutoka Kenya, akapita Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia hata Zimbabwe, na kitabu alichokitoa mwaka uliofuata, The Ukimwi Road, kina neno la Kiswahili katika jina lake kwa sababu maradhi hayo ndiyo watu waliyomweleza kila alipolala. Sidhani kwamba wangemweleza mtu aliyeshuka katika gari la serikali na daftari mkononi. Walimweleza mwanamke mzima aliyefika na vumbi, amechoka, akaketi mkekani pamoja nao.

Faraja nyingine ni za macho. Aendaye polepole kando ya Lualaba huona mabwawa ya Upemba yakifunguka asubuhi na mapema, ndege wasiohesabika wakiinuka, mitumbwi ya wavuvi ikikata mafunjo. Hupita karibu na Sanga, kando ya ziwa Kisale, ambako wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua tangu mwaka 1957 makaburi yenye vyungu na misalaba ya shaba, ushahidi wa ustaarabu mkubwa uliokuwapo hapa karne nyingi kabla ya reli. Mwendo wa baiskeli ndio unaompa wasaa wa kusimama na kuuliza, na akiuliza hujibiwa.

Hata hivyo si haki kuwatia msafiri wa hiari na mchuuzi wa Bukama katika mizani moja. Wa kwanza amechagua taabu yake na siku yoyote aweza kuiacha. Wa pili hana chaguo jingine, kwani ada ya shule na dawa ya mtoto zimo katika tenga lile. Mwaka 2017 filamu iitwayo Makala, ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyomfuata mchoma makaa mmoja akisukuma baiskeli yenye shehena kilomita 50 hadi Kolwezi, katika jimbo jirani la Lualaba, ilipata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes, na watu wa mbali wakastaajabu. Wale ambao huiona safari hiyo kila siku hawaistaajabii, na hilo ndilo linalonisikitisha, kwa maana mtu anayevuka nchi kwa nguvu za mikono yake akilisha miji yetu anastahili heshima ile ile tunayompa mgeni avukaye bara kwa kupenda.

Kwa hiyo, ewe msomaji unayetamani safari ya namna hii, chagua miezi ya kiangazi, Mei hadi Agosti. Chukua chandarua, dawa ya malaria, pampu, viraka na spoki za akiba. Panda chombo ambacho fundi wa kijijini anakijua. Na kabla ya kuondoka, keti na msukuma baiskeli mmoja umwulize njia, kwa kuwa anaijua kwa unyayo. Nanyi wenye malori na wenye vizuizi, mkimwona amejiinamia nyuma ya mzigo wake kwenye mpando wa mchanga, mpisheni apite, wala msimtoze.