Hakuna Miaka Inayomsafisha Mheshimiwa

Wiki hii nimeulizwa tena swali lile lile nje ya mahakama ya Makindu. "Wakili, hayo mambo ya mheshimiwa ni ya miaka ya tisini. Si muda ulishakwisha?" Uchaguzi wa Agosti 2027 unakaribia na swali hili litaongezeka. Wengine huja tayari na hesabu: huyu anataja miaka saba, yule kumi na miwili, mwingine anaapa kwamba akishachaguliwa mara mbili basi. Hakuna sheria ya Kenya inayosema hivyo, na ningependa tulimalize jambo hili.

Hiyo kumi na miwili najua ilikotoka. Sura ya 22 ya sheria zetu imeweka ukomo wa muda wa kufungua kesi za madai: miaka 3 kwa anayedai fidia ya kuumizwa, 6 kwa mkataba uliovunjwa, 12 kwa ardhi. Ni sheria ya watu wawili wanaodaiana. Jirani akilima shamba lako miaka 12 waziwazi nawe umenyamaza, unaweza kulikosa. Mtu husikia hivyo kwenye kesi ya mjomba wake, kisha anaihamisha hesabu hiyo kwa mwanasiasa aliyejigawia ardhi ya umma. Angesoma hadi kifungu cha 42 cha sheria hiyo hiyo angekuta kwamba ukomo huo hauhusu ardhi ya Serikali, wala kesi za kurejesha mali ya umma au kuilipia fidia.

Kwenye jinai hali iko wazi zaidi. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, kifungu cha 219, inataka mashtaka yafunguliwe ndani ya miezi 12 kwa makosa madogo tu, yale ambayo adhabu yake haizidi kifungo cha miezi sita au faini ya shilingi 1,000. Wizi wa mali ya umma, kughushi hati, ubakaji na mauaji havina tarehe ya mwisho. Ni kweli mahakama inaweza kusimamisha kesi iliyocheleweshwa hadi mshtakiwa asiweze kujitetea kwa haki. Ni kweli pia kwamba mashahidi hufa na mafaili hupotea. Lakini kesi kuwa ngumu kuthibitisha hakumaanishi aliyetenda amesamehewa, na inanikera kuona mawakili wenzangu wakiwaachia wateja waamini hivyo.

Anayetaka mfano aende Nyali, Mombasa. Mwaka 1989 kiwanja cha ufuoni kiligawiwa Rais Daniel arap Moi. Baadaye kikauzwa, kikauzwa tena, hadi kikafika kwa kampuni ya Dina Management, iliyokuwa na hati miliki mkononi. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ikabomoa ukuta ili watu wapate njia ya kufika baharini. Kampuni ikashtaki, ikashindwa hadi Mahakama ya Juu. Aprili 2023 majaji walisema hati haiwezi kuwa safi ikiwa ugawaji wa kwanza ulikiuka sheria, na kwamba kununua kwa nia njema hakuiponyi. Ilikuwa imepita miaka 34. Moi alikuwa ameshafariki. Bado mahakama ilirudi hadi 1989 na kuuliza: kiwanja hiki kilitokaje mikononi mwa umma?

Sasa tuseme ni hapa kwetu, kiwanja cha shule kando ya barabara ya Mombasa, na jina lililo kwenye hati ni la mtu anayeomba kura. Fungua faili. Mara nyingi utakuta barua ya ugawaji yenye muhuri, na nyuma yake hakuna kitu: hakuna ramani ya mpango iliyoidhinishwa, hakuna tangazo katika Gazeti la Serikali. Hayo mapengo hayazibwi na miaka.

Imani ya pili ni kwamba kura humsafisha mtu. Sisi Wakamba tungekuwa wa mwisho kuiamini. Paul Ngei, mmoja wa wale sita wa Kapenguria waliofungwa na mkoloni, alipatikana na kosa la uchaguzi baada ya uchaguzi wa 1974 na akazuiwa kugombea. Desemba 1975 Bunge lilibadilisha Katiba haraka ili Rais aweze kumwondolea mtu kizuizi hicho, na Ngei akarudi bungeni kwa uchaguzi mdogo. Wapiga kura wake walimpa kiti. Hukumu haikufutwa na kura hizo, ndiyo maana ililazimu Katiba nzima iguswe kwa ajili ya mtu mmoja. Hadi leo wanasheria huyaita mabadiliko yale kwa jina lake.

Halafu kuna cheti cha tabia njema cha polisi, ambacho wagombea hukipeperusha jukwaani. Cheti hicho huonyesha kumbukumbu za mashtaka zilizo kwa polisi. Hakionyeshi ripoti ya tume, kesi ya madai, wala uchunguzi ambao haujafika kortini. Na hata hukumu peke yake haitoshi kukuonyesha mtu alivyo: Ngei na Jomo Kenyatta walihukumiwa miaka saba mwaka 1953 na mahakama ya mkoloni. Tazama kosa lenyewe na mahakama iliyolihukumu.

Kumfungia mtu mlango wa kugombea kisheria ni jambo jingine, na mlango huo ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 99 cha Katiba kinamzuia anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, au aliyepatikana ametumia vibaya ofisi ya umma au kukiuka Sura ya Sita kuhusu uongozi na uadilifu, na hapo lazima rufaa zote ziwe zimekwisha. Mike Sonko aliondolewa ugavana wa Nairobi na Seneti Desemba 2020, Mahakama ya Juu ikathibitisha Julai 2022, na ugavana wa Mombasa aliokuwa akiuwania ukamponyoka. Wewe mpiga kura hufungwi na masharti hayo. Unaruhusiwa kupima jambo ambalo halijafika mahakamani, ila upime kwa haki. Marehemu Mutula Kilonzo alikuwa wakili wa Moi kwa miaka mingi na wengi walitaka kumhukumu kwa hilo. Kumtetea mteja ni kazi ya wakili. Alipokuwa Waziri wa Haki, Katiba ya 2010 ilipita akiipigania, na Makueni ikamfanya seneta wake wa kwanza. Hilo ni tofauti na kushikilia kiwanja cha shule.

Basi fanyeni kazi. Lipia upekuzi wa hati katika ofisi ya usajili wa ardhi. Si lazima uwe mwenye shamba. Tafuta jina la mgombea katika hukumu zinazochapishwa bure mtandaoni na Kenya Law, kisha katika ripoti za Mkaguzi Mkuu na Hansard. Andika barua ya kuomba habari kwa Kifungu cha 35 cha Katiba na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. EACC, tume ya kupambana na ufisadi, hupokea malalamiko hata bila jina lako. Kila mgombea hujaza fomu ya kujitangaza chini ya Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012, na akidanganya humo ni kosa jipya, la leo, lisilohitaji kuchimbua miaka ya tisini. Tume ya uchaguzi, IEBC, huamua mizozo ya uteuzi ndani ya siku 10, kwa hiyo nakala zilizothibitishwa ziwe mkononi mwako mapema. Ukianza kutafuta faili siku majina yanapotangazwa, karani wa masijala atakuambia urudi wiki ijayo, na kufikia hapo pingamizi lako litakuwa limeshatupwa kwa kukosa ushahidi.