Mapambo ya Noeli kwa vitu tunavyotupa

Mwezi wa 12 ukifika watoto wanauliza: "Tutapamba nyumba na nini?" Baba angali kwenye machimbo, na feza iliyoko ni ya chumvi na sabuni. Basi, sisi wa Lwiro tukate tawi moja la sipresi kwenye lupango. Miti michanga ya pori la Kahuzi-Biega tuiache ikue.

Musitupe chupa ya soda ya plastiki. Itazameni chini: iko na mafungu 5, kama ua. Kata kitako hicho kwa makasi, toboa, pitisha uzi wa gunia la mchele, na nyota imepatikana. Chupa zinazotupwa Bukavu, mvua inazisukuma mpaka ziwa Kivu, kisha zinaziba mashine za umeme kule Ruzizi I. Karatasi za daftari kuukuu zinafanya mnyororo, zikigundishwa kwa uji mzito wa unga wa muhogo. (Mutundike juu, panya wanaupenda!)

Lakini wazazi wa machimbo, musikie vizuri: chupa iliyobeba zebaki ya kushikia dhahabu isiingie katika kazi hii, hata ikioshwa mara 10. Mabaki yake yanatoa mvuke usioonekana wala kunuka, unaoharibu ubongo na figo. Mtoto na mama mwenye mimba ndio wanaumia zaidi. Betri kuukuu musizipasue. Mikebe ikatwe na mtu mkubwa. Na mshumaa ukae mbali na tawi: sipresi ikikauka inashika moto upesi sana.